Sindano na uzi ni msaada pia: kiraka kisiwe aibu Fizi na Baraka

BARAKA – Kila jamaa mpya inapofika Baraka kutoka milimani, kutoka upande wa Uvira na Bukavu, au kutoka vijiji vya kusini mwa teritwari ya Fizi, wanaoipokea huuliza maswali matatu: Mmekula? Mtalala wapi? Kuna mgonjwa? Ni maswali ya haki, na lazima yatangulie. Lakini liko swali la nne ambalo huja nyuma sana, na mara nyingi haliulizwi kabisa: nguo waliyovaa itadumu mpaka lini?

Mtu anayekimbia usiku hachagui nguo. Anatoka na ile aliyolalia, labda na kikwembe kimoja alichomfungia mtoto mgongoni. Nguo hiyo inapita porini, inakamatwa na miiba, inanyeshewa, inakuwa shuka usiku na mfuko wa kubebea unga mchana. Baada ya wiki chache imeachia kwapani, imepasuka magotini, vifungo vimepotea. Hapo shida nyingine inaanza, isiyoandikwa kwenye orodha yoyote. Mama anaacha kwenda kanisani au msikitini. Msichana anaacha masomo. Baba aliyeitwa kwenye kikao cha mtaa anatuma mtu mwingine. Mgonjwa anaahirisha kwenda kituo cha afya kwa sababu anaona haya kusimama kwenye foleni. Nguo iliyopasuka inaweza kumfungia mtu ndani kuliko mlango wenye kufuli.

Kwa hiyo mambo mawili yanafaa kusemwa wazi Fizi na Baraka. La kwanza: sindano na uzi vihesabiwe pamoja na sabuni na sufuria, kama kitu ambacho jamaa haiwezi kuishi bila hicho. La pili: kiraka kiache kuchekwa.

Hesabu ya nguo mbili

Kitabu cha Sphere, chenye viwango ambavyo mashirika mengi ya misaada duniani hujaribu kuvifuata, kinasema katika toleo la 2018 kwamba kila mtu apate angalau mavazi mawili kamili, yenye kipimo chake, yanayofaa desturi na hali ya hewa ya mahali. Kinataja pia gramu 200 za sabuni ya kufulia kwa kila mtu kwa mwezi, mbali na gramu 250 za sabuni ya kuoga. Kwa jamaa ya watu 6, hiyo ni kilo 1 na gramu 200 za sabuni ya kufulia kila mwezi.

Kila anayeishi na wakimbizi wa ndani anajua kwamba kiwango hicho ni ndoto kwa wengi. Lakini hata kikitimizwa, hesabu inabaki kali. Mavazi mawili maana yake moja mwilini, moja kwenye kamba. Moja likipasuka, mtu amebaki na moja tu, na siku ya kufua atakaa ndani amejifunga kikwembe cha kuazima mpaka jua lifanye kazi yake. Wakati wa mvua hiyo ni siku mbili. Kwa hiyo anaacha kufua, na uchafu unaleta muwasho na chawa. Yote hayo yameanza kwa mshono ulioachia urefu wa kidole, ambao sindano ingeufunga kwa dakika tano. Wazee hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapo watakaouliza: watu wanakufa kwa vita, mnazungumza habari za sindano? Jibu ni kwamba wanaokimbia vita hawaachi kuwa watu. Mei 2025, mto Kasaba ulipofurika usiku katika sekta ya Ngandja na kuua watu wengi, kuna waliobaki na kile walichovaa tu. Kwa mtu wa namna hiyo nguo aliyo nayo ndiyo mali yake yote. Kumsaidia kuitunza si mchezo.

Wengine watasema nguo za mitumba ni rahisi, mtu anunue nyingine. Rahisi kwa nani? Mwenye kulima shamba la mtu kwa kibarua ananunua kwanza unga wa muhogo. Halafu, nguo ya mitumba imeshavaliwa na mtu mwingine kabla ya kuingia kwenye balo. Mishono yake imechoka tayari. Anayeinunua bila kujua kushona ananunua shida ya mwezi ujao.

Nguo ilikuwa pesa kwenye ziwa hili

Hakuna jambo la kigeni katika kuheshimu kitambaa. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani hadi Ujiji, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, ilibeba merikani, kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani, na kaniki ya buluu iliyotoka India. Kwa vitambaa hivyo watu walinunua chakula, walilipa wapagazi, walitoa hongo ya kupita njia. Aliyechana kitambaa bila sababu alichana pesa.

Wala kiraka si alama ya Afrika au ya umaskini wa Kongo. Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, nguo ziligawiwa kwa kuponi kuanzia Juni 1941 mpaka 1949. Mwaka wa 1943 serikali yao yenyewe ilitoa kijitabu cha kuwafundisha raia kutia viraka, kuziba soksi na kugeuza nguo ya mkubwa iwe ya mtoto. Huko Japani, wakulima wa zamani walishona viraka kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cha buluu, na leo ushonaji huo, unaoitwa sashiko, unafundishwa kama sanaa. Nchi hizo hazikuona haya. Walioona haya wangetembea uchi.

Na Fizi penyewe, wengi wana somo hili nyumbani. Waliokimbilia Tanzania baada ya 1996 na kuishi Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, kisha wakarudi kwa meli hadi Baraka kuanzia 2005, wanajua nguo moja inavyoweza kupita kwa watoto watatu. Wakimbizi wa Burundi walioko Lusenda tangu 2015 wanajua vilevile. Ujuzi upo. Haujakusanywa tu.

Mambo ambayo kila nyumba inaweza kufanya

Sheria ya kwanza ni kushona kabla ya kufua. Tundu dogo likiingia kwenye beseni na kukamuliwa linatoka kubwa. Nguo ikaguliwe mkononi ikiwa kavu, kwapani, kwenye mapaja, mifukoni na kolani, ndipo iingie majini.

Uzi usionunulika unapatikana. Mfuko wa unga au wa mchele hufungwa juu kwa uzi wa mnyororo. Ukikatwa upande unaofaa na kuvutwa, unatoka wote mzima, mrefu, bila fundo. Uzi huo ukifuliwa unafaa kwa mifuko ya masomo, mikanda na nguo nzito. Kwa nguo nyepesi, uzi hufumuliwa kwenye pindo la nguo iliyokwisha. Kabla ya kushona, uzi upitishwe juu ya nta, mshumaa au kipande cha sabuni kavu, hautajifunga mafundo. Na usiwe mrefu kuliko mkono. Anayetunga uzi mrefu ili asitunge mara ya pili hupoteza wakati wake akifungua mafundo.

Mshono wa kwenda mbele tu unatosha kwa pindo. Lakini panapovutwa, yaani kwapani, katikati ya suruali na kwenye mikanda ya mfuko, sindano iende mbele hatua mbili na kurudi nyuma hatua moja. Mshono huo wa kurudi ndio unaokaribia nguvu ya cherehani, na uzi ukikatika mahali pamoja hauachii wote.

Kiraka kina siri tatu. Kiwe kikubwa kuliko tundu kwa vidole viwili kila upande, kwa sababu kitambaa kilicho karibu na tundu nacho kimechoka. Kiwe na uzito sawa na nguo: kiraka cha jinzi juu ya shati jepesi kitachana shati. Na kama ni kitambaa kipya, kifuliwe kwanza, maana kipya hujikunja kikipata maji na kuvuta kile cha zamani. Wanaosoma Injili wanakumbuka kwamba Yesu mwenyewe alichukua mfano wa kiraka kipya kwenye nguo kuukuu, na wasikilizaji wake walimwelewa mara moja kwa sababu walikuwa watu wa kutia viraka.

Kitambaa cha kiraka chenye rangi ileile kinatoka kwenye nguo yenyewe. Mfuko wa nyuma wa suruali ukifumuliwa vizuri unafunika goti. Upande wa ndani wa pindo unatoa kipande cha kuziba kiwiko. Shati jeupe la masomo lililochakaa kolani halijaisha: kola inafumuliwa, inageuzwa, upande wa ndani ambao bado mzima unatoka nje, na inashonwa tena mahali pake. Mafundi wa zamani walifanya hivyo kila siku. Vijana wengi hawajawahi kuona.

Kwa mtoto anayekua, nguo inunuliwe kubwa na pindo likunjwe mara mbili kwa ndani. Mwaka unaofuata mkunjo mmoja unafumuliwa. Mstari unaobaki unaweza kufunikwa na utepe wa kitambaa kingine, na hakuna atakayejua kama ni shida au ni mtindo.

Kifungo cha shingoni kikipotea, kile cha chini kabisa, kinachoingia ndani ya suruali, kihamishwe juu, na chini pawekwe kifungo chochote. Wakati wa kushona kifungo cha nguo nzito, njiti ya kibiriti iwekwe chini yake. Ikishatolewa, uzi uliolegea uzungushwe mara nne au tano kama shingo ndogo, na kifungo hakitang'oka upesi.

Zipu, ile ambayo wengi wanaiita fermetire, ikikwama ipakwe sabuni kavu au mshumaa. Ikifunguka nyuma baada ya kupita, mara nyingi meno ni mazima, ni kile kichwa kimelegea: kibanwe kidogo kwa koleo, upande mmoja halafu mwingine, polepole. Ikiwa imekufa kabisa, iondolewe na pawekwe vifungo vitatu. Mpira wa kiunoni ukilegea, utepe mwembamba uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli unafanya kazi hiyo, au kamba ya kufunga.

Mawese, damu na matope

Hakuna nyumba ya Fizi isiyojua doa la mawese. Kosa kubwa ni kukimbilia maji baridi. Kwanza doa linyunyiziwe unga wa muhogo au majivu makavu, yanyonye mafuta kwa muda, yakung'utwe. Kisha sabuni ya kipande isuguliwe juu ya doa bila maji mengi, iachwe kidogo, ndipo nguo ifuliwe kwa maji ya uvuguvugu. Rangi ya machungwa inayobaki mara nyingi hupauka ikianikwa juani. Isipigwe pasi kabla doa halijatoka, kwa sababu moto unalifunga.

Damu ni kinyume: maji baridi na chumvi, kamwe si maji ya moto. Matope yaachwe yakauke, yapukutwe, ndipo nguo ifuliwe. Kutu itolewe kwa ndimu na chumvi, juani. Utomvu wa ndizi ndio mgumu kuliko yote, na dawa yake ya kweli ni kuvaa nguo ya shamba siku ya kukata mkungu.

Maji ya javel yana faida yake kwa nguo nyeupe, lakini yakiwa makali yanakula pamba. Nguo inatoka nyeupe leo na kuchanika mwezi ujao. Yachanganywe na maji mengi, nguo isilale humo usiku, na yasichanganywe kamwe na ndimu, siki au dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu hewa inayotoka hapo ni sumu. Nguo za rangi zigeuzwe ndani nje na kuanikwa kivulini. Nyeupe zianikwe juani.

Asiye na pasi ya makaa akunje nguo ikiwa na unyevu kidogo sana na kuilaza chini ya mkeka au godoro usiku mmoja, kisha aitundike asubuhi ikauke kabisa. Mwenye pasi aipitishe kwanza juu ya jani la mgomba kusafisha chuma, asije akachora shati jeupe kwa masizi. Na wakati wa mvua, nguo yoyote isifungwe mfukoni ikiwa na unyevu. Baada ya siku chache ina madoa meusi ya ukungu, na pamba iliyooza haishoneki. Waliokaa kando ya ziwa mwaka wa 2024, maji yalipopanda, wanalijua jambo hilo.

Hapa pana afya pia

Fizi na Baraka ni maeneo yanayosumbuliwa na kipindupindu tangu miaka mingi. Nguo na shuka za mgonjwa wa kuhara zisipelekwe ziwani wala mto Mutambala, ambako wengine wanachota maji chini yake. Zifuliwe ndani ya beseni, mbali na maji ya kunywa. Zichemshwe, au ziloweshwe katika maji ya klorini yaliyopimwa na watu wa afya, kisha zikaushwe juani. Maji yaliyobaki yamwagwe chooni. Anayefua anawe mikono kwa sabuni.

Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo yenye unyevu au kwenye udongo ambako nguo imetandazwa. Funza wake anaingia chini ya ngozi na kuvimba kama jipu. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga. Kwa hiyo nepi na nguo za mtoto zisitandazwe chini wala juu ya majani. Ziwekwe kwenye kamba, zikauke kabisa, na zikipatikana makaa zipigwe pasi pande zote mbili, hasa mishononi.

Mishononi ndimo pia wanamokaa chawa wa nguo. Mwaka wa 1997, Burundi, jirani wa hapa, ilipata mlipuko mkubwa wa homa inayoletwa na chawa hao, ndani ya kambi za waliohama makwao. Maji ya moto na pasi vinawaua. Jamaa isiyo na kuni za kutosha inaweza kufunga nguo ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki mbili bila kuivaa, lakini hapo tena inahitajika nguo ya pili, na nguo ya pili inapatikana kwa kushona ile iliyotupwa.

Chandarua, au mustikere, nacho ni kitambaa. Chenye tundu la ukubwa wa ngumi hakimlindi mtoto na malaria. Kishonwe, kifuliwe kwa sabuni ya kawaida, siyo javel, na kianikwe kivulini, kwa sababu jua kali linaharibu dawa iliyomo.

Na kwa mabinti: vitambaa safi vya pamba kutoka kikwembe kilichokwisha, vikikunjwa tabaka kadhaa na kushonwa pembeni, vinafaa wakati wa hedhi. Vifuliwe kwa maji baridi na sabuni, vikauke juani kabisa. Aibu ya kuvianika ndiyo inayowafanya wengi wavifiche vikiwa na unyevu, na hapo ndipo muwasho na ugonjwa vinapotokea. Mama anayemwachia binti yake sehemu ya kamba yenye jua, amefunikwa na kikwembe kingine chepesi kwa juu, amemfanyia jambo kubwa.

Masomo, mafundi na wanaume

Tangu 2019 serikali ya Kongo imetangaza masomo ya msingi kuwa bure. Lakini sare ya nyeupe na buluu haijawa bure. Septemba ikifika, mtoto wa jamaa iliyokimbia anaweza kuwa na nafasi darasani na asiwe na shati. Wengine hawarudishwi na mwalimu bali na vicheko vya wenzao. Wakuu wa masomo wana uwezo wa kumaliza jambo hilo kwa tangazo moja mbele ya bendera asubuhi: shati lenye kiraka safi ni sare kamili, na atakayemcheka mwenzake ataadhibiwa. Tangazo hilo halina gharama hata ya franka moja.

Mashirika yanayogawa vifaa vya nyumbani nayo yaongeze kifurushi kidogo: sindano tano za ukubwa tofauti, uzi mweusi, mweupe na wa buluu, vifungo kumi, pini chache. Mkasi mmoja unatosha jamaa kadhaa za jirani. Kifurushi hicho ni chepesi kuliko kipande kimoja cha sabuni, kinaingia ndani ya sufuria bila kuongeza gari. Wanaopanga bajeti wakisema hakuna aliyekiomba, wakumbuke kwamba mtu mwenye njaa haombi sindano, anaomba chakula. Lakini baada ya kula anatazama nguo yake.

Je, mafundi wa sokoni watakosa kazi? Hapana. Anayeshona kifungo nyumbani leo hakuwa mteja wa fundi jana, alikuwa mtu anayetembea bila kifungo. Kukata nguo mpya, kugeuza kola, kupunguza koti la mitumba, bado vinamtaka fundi na cherehani yake. Tena, miongoni mwa waliokimbia wamo mafundi walioacha cherehani nyuma. Shirika au kanisa linaloweza kukodi cherehani mbili na kuwalipa mafundi hao kwa mchana mmoja kila wiki, chini ya mwembe au kwenye uwanja wa msikiti, litapata faida mara mbili: nguo za watu zitashonwa, na fundi atashika pesa ya jasho lake. Kila anayeletewa nguo akae karibu na kutazama. Wiki ya nne atakuja kufundisha badala ya kushonewa.

Neno la mwisho ni kwa wanaume. Ukipita soko la Baraka, wengi walioinama juu ya cherehani ni wanaume, na hakuna anayewaita wanawake kwa sababu hiyo. Iweje sindano ikifika nyumbani iwe kazi ya mama na binti peke yao? Kijana anayejua kufunga mtumbwi na kuziba wavu wa dagaa ana mikono ya kuziba suruali yake. Baba aliyefiwa na mke njiani, au aliyetenganishwa naye na risasi, atawavisha nini watoto kama hajawahi kushika uzi? Vita haviulizi nyumba kama mshonaji amebaki hai.

Hakuna kati ya haya linalochukua nafasi ya amani, wala linalowaondolea wenye mamlaka na mashirika deni lao. Mtu ana haki ya mavazi mawili kamili, na asiambiwe atie viraka ili wengine wasitimize wajibu wao. Lakini mpaka amani ije na magari ya misaada yafike, jua litachomoza kesho Baraka, Sebele, Mboko, Lulimba na Kazimia, na watu watatoka nje. Jioni hii, kabla giza halijaingia, kila nyumba inaweza kuchukua nguo moja, kuigeuza, na kutafuta pale ilipoanza kuachia.